Mteja wa Ghorofani

Kila msusi aliporudi kutoka kule kusikotajwa, mama mkwe wake alimpokea mlangoni na kumnusa mikono kwanza. Hakuona haya. Mikono iliyomsuka mwanawe ilikuwa na mafuta ya nywele ya mwanawe, na kwa mama ambaye hajamtia binti yake machoni tangu mvua zianze, hilo lilikuwa bora kuliko salamu. Maswali yalifuata baadaye. Amenenepa? Mkono umeunga vizuri? Anakula, au anachezea chakula? Na mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Kwani ni mbali huko?"

"Si mbali wala si karibu, mama," msusi alijibu siku zote.

Jibu hilo lilimchoma, ila alijua limetoka wapi. Mama huyu mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, kwa sababu alipiga pasi shuka za hospitali mpaka akastaafu, na alipostaafu akaendelea kupiga pasi nguo za majirani barazani kwake. Alikuwa na mkono thabiti na mdomo mwepesi. Kitinda, binti yake wa mwisho, alipomkimbia mumewe mara ya kwanza, alikwenda kujificha kwa shangazi yake. Mume akaja hapa barazani, akalia machozi ya kweli. Watu walimwita Mpole, na jina lilimkaa, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Bi Pasi akamhurumia, akamwambia mke alipo. Wiki haikuisha, Kitinda akawa amerudishwa nyumbani na kubanwa mkono kwa mlango mpaka mfupa ukavunjika.

Safari hii, alipotoroka tena, waliojua alipo katika familia walikuwa wawili tu: kaka yake, fundi wa friji, na mke wa kaka, msusi. Mama mtu aliwekwa kando. Hakulalamika kwa maneno. Alilalamika kwa pasi, na siku za hasira suruali za majirani zilitoka na mistari ya kukatia mkate.

Mpango wenyewe, lakini, ulikuwa mzuri, hata yeye alikiri. Fundi asingeweza kumtembelea dada yake. Mpole alikuwa na marafiki kila kona, na fundi akitoka na kikapu tu habari zinafika. Lakini msusi! Msusi kutwa anaingia nyumba za watu. Leo yuko kwa bibi harusi, kesho kwa mke wa diwani, keshokutwa kwa mwanafunzi mwenye kichwa cha chawa. Nani ana miguu ya kumfuata msusi? Basi kila Alhamisi, katikati ya mteja na mteja, alikatiza vichochoro akamwona wifi yake, akamsuka, wakacheka kidogo, akaondoka. Kitinda hakuwa na mgeni mwingine.

*

Wateja siku hizi hawakuja kwa kupiga hodi. Kulikuwa na kampuni ya urembo iliyowaandikisha wasusi wa mji mzima na kuwawekea programu kwenye simu zao. Mteja anaomba msusi, analipa sehemu ya pesa, kisha anakaa kwake akingoja. Kazi ikiisha anampa nyota. Msusi aliziheshimu nyota hizo kuliko afya yake. Ukiwa nazo chache unatupiwa wateja wa mwisho wa dunia, wale wanaokuambia rudi wiki ijayo kwa malipo. Na ukithubutu kuvunja miadi wewe mwenyewe, wanakunyofoa moja.

Ndiyo sababu hakumfuta mteja wa ghorofani. Mteja huyo alijitokeza majuma kadhaa nyuma, akataja jengo refu karibu na mzunguko wa barabara, akalipa. Msusi alipofika chini ya jengo, ujumbe ukaingia kwamba leo haiwezekani, iwe siku nyingine, na pesa kidogo ya usumbufu ikafuata. Siku nyingine nayo ikasogezwa. Kila mara samahani, kila mara na kitu kidogo. Nyumbani wakamfanya mzaha wao wa jioni. Msusi aliwasomea ujumbe wake wakila, kwa sauti ya kitajiri ya puani: "Pole kwa usumbufu, dada. Usijichoshe kwa ajili yangu, mimi ni wa kusubiri."

"Wangekuwa hivyo wenye friji," fundi alisema, "ningekuwa nimekwisha jenga."

Bi Pasi naye alicheka. Viatu alivyovaa siku ile vilinunuliwa kwa samahani za mtu huyo.

*

Alhamisi moja mchana, Bi Pasi alikuwa barazani akipuliza mkaa wa pasi, jirani yake muuza mkaa akaingia bila hodi, simu mkononi, midomo imevimba kwa hasira.

"Huyu mkweo ananifanya mimi mtoto mdogo," alisema. Alikuwa na miadi ya kusukwa. Alikuwa ameuliza mara tatu, na mara tatu akajibiwa nakuja, niko njiani, nakaribia. Bi Pasi akamtetea. Msusi gani duniani asiyesema niko njiani? Ndiyo lugha yao. Hata kinyozi husema hivyo na mkasi uko kwenye kichwa cha mtu mwingine.

"Ningekubali, kama nisingekuwa namwona." Muuza mkaa akamsogezea simu. "Tazama mwenyewe. Hii nukta ya kijani ndiyo yeye. Asubuhi ametoka hapa kwenu. Akasimama sokoni, nadhani ananunua rasta. Akavuka reli. Sasa amejikita hapa nyuma ya kiwanda cha mabati, na hajasogea tangu nimetia maharage jikoni. Ni njiani gani huko?"

Bi Pasi akaiweka pasi chini, akatafuta miwani. Ramani ilikuwa na barabara nyembamba na paa za nyumba, na juu ya paa moja nukta ilikuwa inapumua polepole. Mtaa ule aliujua. Nyuma ya kiwanda cha mabati alikuwa akiishi sista mstaafu, muuguzi aliyeongoza wadi ya wazazi enzi zao, mwanamke mwenye ulimi mkali na mlango usiofunguka ovyo. Leo ni Alhamisi. Msusi yuko pale, amekaa muda mrefu, na hana mteja pale.

Mwanangu yuko kwa sista, aliwaza, na furaha ikamjaa hadi kooni. Ni mwendo wa kutembea tu. Angeweza kwenda na kurudi kabla mkaa haujazima. Alikwisha vuta mtandio begani, amekwisha fikiria atabeba nini, akawa anacheka peke yake, na muuza mkaa anamshangaa.

Alikuwa na mguu mmoja nje ya baraza aliposimama. Hakujua kilichomsimamisha ni nini mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe ikiuliza: "Na wewe ukishasukwa, unaendelea kumwona?"

"Mpaka nibonyeze kwamba kazi imekwisha. Nisipobonyeza namwona tu, hata akienda kulala."

Mteja wa ghorofani hajawahi kubonyeza kitu. Mteja wa ghorofani anasubiri. Bi Pasi akakumbuka kigoda cha pale pale barazani, na Mpole akilia juu yake. Yeye akakimbilia ndani kumletea kiti chenye mgongo, na yule mwanamume akamzuia kwa ile sauti ya pamba: usijichoshe, mama, mimi ni wa kukaa popote. Akajishikilia kwenye meza ya pasi, na muuza mkaa akaacha kulalamika, akamwuliza kama ni presha.

*

Alimpigia fundi kwa kisimu chake cha vitufe, halafu msusi. Kwa msusi alisema maneno machache: njoo nyumbani, usikimbie, tembea kama siku zote. Msusi akaja na chanuo bado kimechomekwa nywelani. Aliposikia habari alikaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

Alizungusha vidole kwenye simu akitafuta mahali pa kukana, asipate. Alikuwa ameambiwa na kampuni kwamba mteja humwona msusi akiwa njiani ili asiwe na wasiwasi. Alidhani njiani ni njiani. Hakujua kwamba miadi ikiachwa wazi, yeye yuko njiani mchana na usiku, chooni na sokoni, na kila Alhamisi kwa sista. Hii ilikuwa Alhamisi ya tatu tangu mteja yule aingie. Mtu anayetafuta nyumba moja kati ya nyumba mia anazozunguka msusi, aliangalia tu ni ipi inayojirudia.

"Nimempeleka mimi," alisema. "Yeye alikaa kitandani kwake tu. Mimi ndiye niliyetembea nyumba kwa nyumba nikimwonyesha."

Bi Pasi alikuwa na haki ya kusema mengi. Miezi yote hii alikuwa ndiye mwenye mdomo mwepesi, ndiye asiyeaminika, na sasa walioaminika ndio waliobeba siri mkononi na kuitembeza mjini. Neno hilo lilimfika ulimini. Akamtazama msusi alivyojikunja sakafuni na akalimeza. Alijua ladha ya kumpeleka mtu mwovu mlangoni kwa mtoto wako, hakumtakia mwingine.

Fundi alikuwa amekwisha ichukua simu, anataka kuizima. Bi Pasi akamshika mkono.

"Ukiizima, atajua tumejua. Atakwenda pale anapoiona kila Alhamisi, na mke wake bado yumo ndani."

"Tufanyeje sasa, mama? Tuiache imwongoze?"

"Imwongoze. Ila isimwongoze huko."

Akawaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoshangaa kwamba wanamsikiliza. Fundi aende na lile gari la kukodi analobebea friji. Msusi aende naye, maana sista hafungulii wanaume. Simu zao zote zibaki. Wamtoe Kitinda wampeleke pengine, popote wanapopajua wao. Na simu hii ya msusi itatembea na yeye, Bi Pasi, mpaka hospitali.

"Kwa nini hospitali?" fundi aliuliza.

"Akiona msusi ametoka kwa sista akapita nyumbani akakimbilia hospitali, atadhani nini? Atadhani mwanamke wake anaumwa. Hataenda kwingine. Atakuja."

"Akikukuta wewe?"

"Si ananiita mama?" alisema Bi Pasi. Alitaka iwe mzaha, lakini sauti ilimpotea katikati.

Mlangoni, msusi akamgeukia. Alisema amemwacha wifi yake nusu, kichwa hakijaisha. Fundi akamvuta mkono, wakatoka.

*

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa kama alivyokiacha: mvuke, harufu ya sabuni kali, na redio isiyoshika vizuri. Walinzi walimpisha kwa heshima. Mkuu wa madobi, ambaye alifundishwa kukunja shuka na Bi Pasi mwenyewe, akamkumbatia na kumwuliza kulikoni. Bi Pasi akasema amechoka kukaa nyumbani, anaomba pasi. Mkuu akamtazama usoni, akaona ni jambo zito, akampa pasi na asimwulize tena. Simu ikawekwa pembeni ya meza, karibu na rundo la shuka za wadi ya wazazi.

Alipiga pasi shuka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alijiambia huenda amekosea. Huenda mteja wa ghorofani ni mke wa mtu, mwenye pesa na asiye na kazi, na yeye mzee amemsingizia mkwewe kwa maneno mawili ya adabu. Alianza kuona aibu. Angewaambia nini wanawe, waliomhamisha Kitinda mchana kweupe kwa ajili ya ndoto za bibi?

Ndipo akamwona. Mpole alikuwa anakuja kwenye ukumbi mrefu ameinamia simu yake. Alikwenda hatua kadhaa kushoto, akasimama, akarudi kulia. Alipita mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu bila kumwona. Alikuwa amevaa shati jeupe, na Bi Pasi, kwa mazoea tu, aliona kwamba kola haikupigwa pasi. Alifika mpaka kizingitini, akaingia, akaisogelea meza, na alipoona kwamba sasa amesimama juu ya nukta yenyewe akainua uso.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Bi Pasi kuliko lolote. Uso ulichelewa kidogo tu, kisha ukajipanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umempoteza nani?"

"Nimekuja kumwangalia mgonjwa."

"Mgonjwa gani anayelazwa kwa madobi?" Akaisukuma simu ya msusi mpaka katikati ya meza. "Mwenye simu hayupo. Kama unataka kusukwa, mteja wangu, nenda kaombe upya."

Madobi walikuwa wameacha kazi. Mkuu alikuja taratibu akasimama nyuma ya Bi Pasi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, na wawili wengine wakafuata. Mpole akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu kama mtu aliyekosea chumba. Akaitia simu yake mfukoni. Kisha akainama kidogo, karibu na sikio la Bi Pasi, akasema taratibu kabisa:

"Usijichoshe, mama. Mimi ni wa kusubiri."

Akaondoka bila haraka. Mkuu wa madobi ndiye aliyesikia harufu. Pasi ilikuwa imekaa juu ya shuka muda wote huo, na ilipoinuliwa iliacha alama nyeusi ya umbo lake. Bi Pasi hakuwahi kuunguza shuka ya hospitali tangu aajiriwe. Akaomba radhi, akaomba tena, akataka kuilipa, na walipomwambia ni kitambaa tu, mama, achana nacho, akalia.

*

Kesho yake msusi alikwenda ofisi za kampuni. Alipokewa na dada mmoja nadhifu, mwenye kucha ndefu na kiyoyozi mgongoni, akapewa maji ya kunywa. Dada akasikiliza, akasikitika. Akamwonyesha kwamba siku alipojiandikisha alibonyeza mahali penye neno nakubali, na kukubali kwenyewe ndiko huko. Msusi akaomba basi aambiwe tu yule mteja ni nani, apate la kupeleka kituo cha polisi.

"Hilo haliwezekani, dada yangu," alijibiwa. "Hatutoi habari za wateja. Ni siri zao."

Akaiacha programu hapo hapo, na nyota zake zote. Alipotoka, dada alimkumbusha kuacha fulana ya kampuni. Alikuwa ameivaa, akaivua chooni na kurudi nyumbani na mtandio alioufungia kifuani, katikati ya watu, akijikaza asilie njiani.

Alimkuta mama mkwe wake barazani. Bi Pasi alimwona mabega yalivyo, hakuuliza habari za ofisi. Akamletea blauzi yake mwenyewe, yenye joto la pasi bado, akamvisha kama mtoto. Wakakaa. Kwa jirani, muuza mkaa alikuwa akigombana na mteja kuhusu gunia.

"Mama," alisema msusi. "Tumekosea kukuficha. Tumezungumza mimi na mwanao. Bila wewe jana, sijui. Nataka nikuambie tulipompeleka. Si mbali hivyo. Ukivuka—"

"Usiniambie."

Msusi akamtazama. Mwanamke huyu alikuwa amemwuliza swali hilo mlangoni, jikoni, msibani, hata siku alipokuwa na homa.

"Usiniambie," Bi Pasi alirudia. "Yule atarudi. Atakaa pale kwenye kigoda, na mimi nataka nimtazame machoni nikiwa sijui. Na wewe usiende tena. Mwanangu naye asiende. Mwacheni Kitinda akae bila sisi." Alisema hivyo kwa macho makavu, huku vidole vinavuta uzi mtandioni, vinavuta, vinavuta. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo: "Kichwa uliwahi kumaliza?"

"Hapana, mama. Hapakuwa na nafasi. Nilisuka upande mmoja tu."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

Bi Pasi akaitikia kwa kichwa. Akaichukua mikono ya msusi, akaiinua mpaka puani. Ilikuwa na harufu ya sabuni ya chooni ya kampuni, haina kingine. Hata hivyo hakuiachia upesi.